Daftari la Mikate la Mama Mkwe

Mimi naogopa daftari. Cheka ukitaka. Wenzangu wanaogopa nyoka, wengine lifti za majengo yetu haya, mimi naogopa daftari la shule lenye jalada la buluu na kurasa zilizoingia madoa ya samli. Limo kwenye droo ya chini jikoni kwangu, Crescent Town, hapa Toronto, ghorofa ya kumi na saba, na kila nikilifungua viganja vinanitoka jasho. Zamani halikuwa hivyo. Zamani lilinitia hasira tu.

Nilipewa na mama mkwe siku ya tatu ya harusi yangu, Tanga, mbele ya mawifi zangu wote. "Haya, mkazamwana," akasema, "mikate yote ya nyumba hii imo humu." Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi mtu wa Morogoro, kwetu shughuli ni wali na nyama basi, nikalipokea kwa mikono miwili na kupiga goti. Niliona mawifi wanafinyana. Nikadhani wananicheka mimi mtu wa bara nisiyejua hata kuumua unga.

Tulihamia Toronto mwaka 2003, na daftari nikaja nalo kwenye begi la mkononi pamoja na cheti cha ndoa. Mkate niliokuwa naupika zaidi ni mkate wa mayai, kwa sababu mume wangu anaupenda na vitu vyake vinapatikana duka lolote. Mwandiko wa mama mkwe ni mzuri, umelala kidogo, na umeeleza kila kitu: mayai kumi, sukari vikombe viwili, unga vikombe viwili, iliki, samli ya kupakia chombo. Nilifuata neno kwa neno. Mkate ukatoka mkavu, ukiutia mdomoni unaomba maji. Nikabadilisha unga. Nikabadilisha mayai. Nikamsumbua mwenye nyumba mpaka akaniletea oveni nyingine. Mkavu vilevile! Mume wangu anatafuna, anatafuna, halafu anasema, "Umejitahidi." Jamani, kuna neno linaloudhi kama hilo? Miaka ikapita, nikakubali kwamba mkono wangu ndio mbaya. Wapo watu mikono yao haikubaliani na unga, nikajihesabu miongoni mwao.

Sasa nimlete jirani yangu. Mlango wa tatu kutoka kwetu aliishi mama mmoja kutoka Bangladesh, mtu wa haya, mfanyakazi wa kiwanda cha kufunga vyakula, anarudi saa kumi na mbili jioni. Binti yake na binti yangu walikuwa darasa moja, la pili. Akaniomba nimwangalizie mtoto kila siku baada ya shule, kwa muda wa saa mbili hivi, mpaka atoke kazini. Nikasema sawa. Ndipo akaniletea kopo la biskuti, ndani yake sindano nene mfano wa kalamu ya kuandikia ubaoni.

Mtoto yule alikuwa hawezi kula karanga, korosho, lozi, wala njugu za aina yoyote. Akila, koo linavimba na pumzi inakatika. Mama yake alinifundisha kwa kutumia chungwa: shika hivi, toa kifuniko, gandamiza kwenye paja, hata juu ya nguo, hesabu mpaka kumi. "Ukiona midomo inavimba," akaniambia, "usingoje. Usifikiri. Choma." Nilitaka kumrudishia kopo lake. Mtoto wa mwenzio ni amana, na amana ya pumzi ni nzito. Lakini angempeleka wapi?

Siku ileile nikafagia jiko. Kashata nilizoletewa kutoka nyumbani, korosho, karanga za kukaanga, vyote nikavitupa, nikaosha makabati kwa maji ya moto na sabuni. Na mtoto mwenyewe alikuwa mwangalifu kuliko sisi wazima. Kabinti kembamba, miwani, nywele mikia miwili. Hata nikimpa ndizi, anainua macho ananiuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Anti, kuna njugu?" Na mimi namsomea pakiti tangu juu mpaka chini. Ndizi haina pakiti, basi namwambia, "Hii ameipika Mungu." Anacheka, anakula. Miaka miwili hiyo. Kila siku, toka wanaporudi shule mpaka mama yake anapobisha hodi, roho yangu ilikuwa mkononi, ila nilizoea kuibeba.

Kisha mama mkwe akaja kututembelea. Alikuja mwezi wa kumi, akakuta baridi inaanza, na kuanzia hapo hakutoka nje ila kwa lazima. Alikaa dirishani na masweta mawili na soksi za mwanawe, tasbihi mkononi, anatazama watu chini wanavyoteleza kwenye barafu, anawaonea huruma. Binti yangu alimwita mke mwenzake, wakitaniana kutwa, mmoja kwa Kiswahili mwingine kwa Kiingereza, na wakaelewana.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nitalisema lote. Sikumwambia mama habari za yule mtoto. Alimwona kila siku akija, akampa salamu, akamshika kichwa, lakini sikumwambia. Nitasimamaje mbele ya mama mkwe, wiki ya kwanza, nimpe masharti ndani ya nyumba ya mwanawe? Usile hiki, usilete kile, begi lako lina nini nilikague? Kwetu hilo haliwezekani. Mgeni mwingine siku ya tatu unampa jembe, mama mkwe hana siku ya jembe. Na isitoshe hakuwa anapika. Hakugusa hata kijiko. Nikajiambia hakuna haja. Kila Jumatatu nikajiambia wiki hii nitamwambia, na kila Ijumaa ikapita.

Ijumaa moja ya mwezi wa pili kulikuwa na hitma ya marehemu baba mkwe, jioni, kwa shemeji yangu anayekaa Etobicoke, upande wa pili wa mji. Watu wa Tanga wote wangekuwepo. Usiku wa kuamkia siku hiyo mama aliniuliza nitapeleka nini.

"Mkate wa mayai, Mama. Miwili."

Akasogeza punje chache za tasbihi. Kisha akauliza kwa upole, "Ule wako?"

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa moto. "Ndiyo, wangu, Mama. Wa daftari lako."

Ijumaa mchana nikaanza. Nilipiga mayai na sukari mpaka yakawa meupe mazito, nikaanza kuchanganya unga. Mama akaja jikoni, mara ya kwanza tangu afike, akakaa kwenye kigoda na kanga yake mabegani. Simu ya sebuleni ikalia. Alikuwa mke wa shemeji, anataka kujua tutakuja wangapi na kama tuna majamvi ya ziada, na yeye akianza kuongea hamalizi. Niliporudi mama ameshika mwiko. "Nilikushikia," akasema, "unga usitulie chini." Nikamshukuru. Nikamimina kwenye vyombo viwili, nikatia oveni.

Loh! Ule mkate uliumuka. Ulipanda mpaka ukingoni, ukapasuka katikati kidogo kama inavyotakiwa, harufu ikajaa mpaka kwenye korido. Nilipokata mmoja, kisu kikaingia bila kubomoa, na ndani laini, una unyevu wake, mtamu ajabu. Nilipiga kelele. "Mama! Umetoka! Njoo uone!"

Akauonja ncha, akatabasamu akitazama dirishani. "Leo mkono wako umekubali."

Nilimpigia simu mama yangu mzazi Morogoro nikimweleza habari za mkate kama mtu aliyejifungua. Miaka yote hiyo! Ule mzima nikaufunga kwa ajili ya hitma, huu niliokwisha kuukata nikauacha mezani wa kula nyumbani. Mama akaingia chumbani kuswali alasiri.

Watoto wakarudi, mashavu mekundu kwa baridi, mabegi chini. Binti yangu akauvamia mkate. Yule mwenzake akasimama mbele ya meza, akaniangalia.

"Anti, kuna njugu?"

Na mimi, kwa furaha na majivuno, nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilichukua daftari, nikalifungua mbele yake, nikaweka kidole kwenye kila mstari na kumtafsiria. Mayai. Sukari. Unga. Iliki. Samli. "Umeona? Hata moja. Hii ni siri ya familia yetu, wewe ndiye wa kwanza kusomewa." Alifuata kidole changu hadi mwisho. Hajui Kiswahili, maskini. Alipomaliza kutazama karatasi akatazama uso wangu. Ndipo akachukua kipande.

Alikula chote. Akaomba kingine, nikampa. Hakuwa mtoto wa kuomba mara mbili.

"Anti," akasema baada ya muda kidogo, "ulimi unawasha."

"Ni iliki hiyo, mwanangu. Kunywa maji."

Akanywa. Akajikuna shingo. Akasema tena unawasha, na mdomo pia. Nami nikabishana naye. Nalisema hili wazi kwa sababu ndilo linalonitisha mpaka leo, kuliko yote. Mtoto ananiambia mwili wake unavyomwambia, mimi namjibu, "Hakuna njugu, nimekusomea, hakuna." Nikamfuta uso kwa kitambaa cha maji baridi. Nikafikiri labda ni sweta jipya la sufu linamwasha. Binti yangu ndiye aliyesimama. "Mama," akasema, "mtazame midomo."

Midomo ilikuwa imevimba. Macho yameanza kufumba. Na mimi, wallahi, badala ya kwenda kwenye kopo, nilirudi kwenye daftari. Nikasoma tena. Mayai, sukari, unga, iliki, samli. Nilitafuta kitu nilichoruka, niligeuza ukurasa, nikarudi, na nyuma yangu naanza kusikia pumzi yake inapiga mluzi.

Mama akatokea mlangoni, tasbihi mkononi. "Ana nini mtoto?"

"Hawezi kula karanga, Mama, wala korosho, wala lozi, akila anakufa, lakini humu hamna, angalia, hamna—"

Sijapata kuona uso wa mtu ukisawijika vile. Alitazama sahani. Alitazama mtoto. Mkono wake ukaenda kwenye pindo la kanga, kwenye fundo dogo lililolegea.

"Lozi," akasema. "Nimetia lozi."

Nikarukia kabati. Kopo lilikuwa nyuma ya sukari, nikaangusha sukari yote. Kifuniko cha sindano kikakataa, kumbe nakivuta upande siwo. Yarabi! Binti yangu ameshapiga simu ya dharura, namsikia anataja namba ya jengo letu, sauti yake haitetemeki, na mimi mama yake meno yanagongana. Nikapiga magoti mbele ya mtoto, nikagandamiza sindano kwenye paja juu ya suruali yake ya buluu. Ikalia ndani kama kufuli. Nikahesabu kwa Kiingereza ili naye anisikie. Moja. Mbili. Tatu. Hakulia. Alinishika mkono wa gauni na kunitazama, na pale kwenye macho yake hapakuwa na lawama, alikuwa bado anangoja nimwambie kuna nini. Hilo ndilo lililonimaliza. Mama mkwe alikuwa sakafuni kwenye sukari, amemshika nyayo, anasoma kila aya anayoijua.

Ghorofa kumi na saba. Lifti mbili, moja mbovu tangu Krismasi. Nilisimama mbele ya mlango wa lifti na mtoto mikononi nikitazama zile taa za namba, tano, sita, inasimama saba, nani anapandia ghorofa ya saba saa hizi! Pumzi yake ilikuwa nyembamba kama uzi. Nilijua ikikatika, nitabaki nimeshika mtoto wa watu kwenye korido, na mama yake atatoka kwenye lifti ileile jioni na mfuko wa mboga.

Haikukatika. Wale watu wa gari la wagonjwa walifika, wakampa hewa, wakamchoma sindano ya pili ndani ya lifti. Nilikwenda nao na kandambili miguuni. Mume wangu alitufuata pamoja na mama mkwe baada ya kutoka kazini. Hitma ilisomwa bila sisi.

Jirani yangu alifika hospitali na kofia ya wavu ya kiwandani bado kichwani. Daktari alikuwa ameshatuambia koo limefunguka, mtoto atalazwa mpaka kesho waangalie. Akamwona kwanza binti yake. Kisha akatoka koridoni, akasimama mbele yangu. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Uliniambia unasoma kila kitu," akasema. "Nani alitia lozi?"

Mama alikuwa ameketi kando yangu, baibui na masweta yake, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. "Anasema nini?" akaniuliza.

Nilikuwa na hasira ya kutosha kumwanika pale pale, mbele ya mgeni, kwa lugha asiyoijua. Nilikuwa na hofu pia. Niliogopa polisi, niliogopa kuambiwa sifai kukaa na mtoto yeyote hata wangu. Na kuna lile la nyumbani kwetu, kwamba mkwe hatolewi nje uchi. Nikafungua mdomo kusema ni mimi. Sijui kama ni heshima iliyonituma au ni aibu ya kuonekana mwanamke asiyejua kilichomo ndani ya sufuria yake mwenyewe.

Mama hakungoja. Alisoma uso wa yule mama, hakuhitaji mkalimani. Akainuka, akanyoosha mkono wake wa kulia mbele yake, kiganja wazi, akauonyesha kwa kidole cha mkono wa kushoto. Kisha akajipiga kifua mara mbili. Machozi yanamtiririka, hayafuti.

Jirani akautazama ule mkono. Akageuka, akarudi kwa mwanawe.

Asubuhi yake, mume wangu ametoka, nilimpigia kelele mama mkwe kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Aliniacha nimalize. Kisha akanieleza. Katika nyumba yao hakuna pishi linaloandikwa lote. Kila mkate katika daftari umeachwa kitu kimoja, na kitu hicho anapewa binti kwa mdomo, mkazamwana hapewi, kwani mkazamwana leo yupo, kesho ameachika na kwenda kupika mikate ya nyumba kwa mume mwingine. Lozi za mkate wa mayai alikuja nazo kutoka Tanga, zimemenywa na kusagwa, zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya soksi.

"Niliona umeshakaa," akasema. "Nilikusudia nikwambie jana, tukitoka hitmani. Nilitaka kwanza wakusifu."

Nikamimina chai.

"Na wewe," akauliza, "mtoto anakuja hapa kila siku, ana maradhi ya kufa. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuonea haya, Mama."

Tulikaa. Chai ikapoa.

Jumatatu, muda wa watoto kurudi, nilisimama nyuma ya mlango. Binti yangu akaingia peke yake. Nikasikia nyayo nyingine ndogo zikipita, zikaenda mpaka mlango wa mbele zaidi, kwa bibi mmoja mzee. Kesho yake vivyo hivyo. Wiki tatu. Niliogopa kupanda lifti nisije nikakutana na mama yake, nikawa nashuka ngazi ghorofa zote na mfuko wa taka. Kila king'ora cha gari la wagonjwa kilichopita barabarani kilinitoa jikoni mbio.

Katika wiki hizo mama alinitajia vyote. Alianza ukurasa wa kwanza, mimi nikiandika kwa kalamu nyekundu kando ya mwandiko wake. Mkate wa kumimina, ukoko wa wali uliolazwa kwenye maji. Visheti, kijiko cha maziwa ya unga. Mkate wa ndizi, korosho. Nilipofika pale kalamu ilinitoka. Ule nilikuwa nampa yule mtoto karibu kila mwezi, kwa kuamini daftari, na kilichomwokoa miaka miwili ni kwamba nilikuwa sijui kuupika sawasawa.

Wiki ya nne, mchana, hodi ikapigwa. Nilifungua. Jirani yangu yule pale, ameomba ruhusa kazini, na binti amemshika mkono, miwani yake ileile. Akanipa kopo. Nikalifungua, sindano mbili sasa. Na mkoba wa chakula wenye zipu.

"Atakula humu tu," akasema. "Maji pia atakuja nayo."

"Sawa," nikasema. "Sawa kabisa." Nilitaka kumwomba radhi, ila nilikuwa nimeshaomba mara nyingi kwenye karatasi nilizopitisha chini ya mlango wake. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kazini. Bibi yule mzee alikuwa amelazwa, mama yake hakuwa na pengine pa kumpeleka mtoto. Hilo nilikuja kulijua baadaye.

Mtoto aliketi mezani pale pale. Akafungua mkoba wake, akatoa wali wake. Mama mkwe alikuwa dirishani, hakuthubutu kugeuka. Mimi nilisimama mbali, mikono nyuma, nisije nikagusa hata meza.

Akala kidogo, akaweka kijiko chini, akaniita kwa sauti ndogo, kana kwamba anafichua jambo asilopaswa kulisema.

"Anti. Ule mkate," akasema, "ulikuwa mtamu sana. Sijawahi kula kitu kitamu vile."

"Anasema nini?" mama akauliza kutoka dirishani.

Nikamwambia, neno kwa neno. Mama akaweka tasbihi, akainuka, akaenda jikoni kunawa mikono, na maji niliyasikia yakimwagika muda mrefu.